Madirisha Mawili, na Bado Chumba Kina Giza

Barua nyingi zilizoufikia ukurasa huu katika majuma ya karibuni zinahusu jambo moja, ingawa kila mwandishi amelishika kwa upande wake: mwanga wa mchana ndani ya nyumba, na jinsi unavyoweza kukifanya chumba kivutie au kichoshe bila wakaaji kuitambua sababu. Nimechagua sita na kuzijibu pamoja, kwa kuwa jibu la barua moja limegeuka mara kwa mara kuwa nusu ya jibu la nyingine. Barua zenyewe nimezifupisha.

Swali: Ndugu Mwandishi, sebule yetu ina madirisha mawili makubwa, lakini hata saa sita mchana inatulazimu kuwasha taa. Mume wangu anataka tuvunje ukuta uleule tuongeze dirisha la tatu, na fundi yuko tayari kuanza. Kuta ni za rangi ya damu ya mzee, na mapazia tumeyatundika ndani ya kisanduku cha mbao kinachopita juu ya madirisha. Je, tuvunje? – *Mama wa Watoto Wawili*

Jibu: Mama, mwombe fundi asubiri. Maelezo yako yananionyesha kwamba mwanga unaingia wa kutosha, ila ukishaingia haupati mahali pa kutua. Jicho haliuoni mwanga unaopita hewani. Linachokiona ni ukuta, dari, sakafu na vyombo vilivyopigwa na mwanga huo, na kwa kuvitazama hivyo ndipo mtu husema chumba ni cheupe au kina giza. Sebule inaweza kupokea mwanga tele, ukaangukia wote kwenye zulia zito lililo mbele ya dirisha na kuishia hapo, na mgeni anayeingia kwa mlango wa upande wa pili akaona giza tupu.

Rangi ya kuta zenu ndiyo ninayoituhumu kwanza. Rangi nyeupe isiyong'aa hurudisha takriban asilimia 80 ya mwanga unaoifikia, ilhali rangi nzito kama damu ya mzee hurudisha kama asilimia 10 tu, na nyingine huimeza. Sasa fikiria safari ya mwanga kutoka dirishani hadi pembe ya mbali ya sebule. Mara nyingi haufiki moja kwa moja. Hugonga ukuta, ukagonga dari, ndipo ufike. Ukigonga nyuso mbili nyeupe, utakuwa umebakiwa na asilimia 64 ya nguvu yake ya awali. Ukigonga nyuso mbili za damu ya mzee, itabaki asilimia 1. Hata dirisha la tatu haliwezi kulipa deni la namna hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi hawalitaji. Nje, chini ya wingu, mwanga unaweza kufika luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali), na chini ya jua kali hufika luksi 100,000, wakati sebule ya kawaida inayowashwa taa usiku huwa na luksi mia moja au mia mbili hivi. Tunaweza kuishi katika hali zote hizo kwa sababu jicho hujirekebisha, lakini hujirekebisha kwa kukifuata kinachong'aa zaidi mbele yake. Ukiketi ukitazama dirisha lenye anga jeupe, mboni hujibana, na ukuta wa giza ulio kando ya dirisha hilo huonekana mweusi kuliko ulivyo. Ndiyo maana nahofia dirisha la tatu kwenye ukuta uleule: litawatia kiwi zaidi, na sehemu ya ukuta itakayobaki itaonekana nyeusi kuliko sasa, kisha mtawasha taa ileile saa ileile ya mchana.

Kisanduku cha pazia nacho kina hesabu yake. Katika chumba cha kawaida, mwanga wa kufaa huingia ndani kwa umbali wa mara mbili, au mbili na nusu, ya kimo cha ncha ya juu ya dirisha kutoka sakafuni. Dirisha ambalo ncha yake iko mita 2.1 juu ya sakafu hulisha chumba kwa kina cha mita 4 hadi 5. Kisanduku kikifunika sentimita 40 za juu, umepoteza karibu mita nzima ya chumba upande wa ndani, kwa sababu sehemu ya juu ya dirisha ndiyo inayoutuma mwanga mbali. Watu wengi huhangaikia upana wa dirisha, na kimo chake wakakiachia urembo wa pazia. Pandisha fimbo ya pazia juu ya fremu, uirefushe pande zote mbili, ili pazia likifunguliwa lilale ukutani na kioo chote kibaki wazi.

Kabla ya kutumia fedha yoyote, fanya jaribio hili. Saa nne asubuhi zima taa zote, chukua karatasi moja nyeupe, ishike wima mbele ya kifua huku uso wake umeelekea dirishani, kisha rudi kinyumenyume polepole ukiitazama. Mwanzoni itakuwa nyeupe ya kuumiza macho. Baadaye itapoa, na kuna hatua moja, mara nyingi moja tu, ambapo itageuka ghafla kuwa ya kijivu kama majivu. Simama hapo utazame kinachokuzuilia mwanga. Nilipofanya hivyo nyumbani kwangu, nilikuta nimesimama nyuma ya kabati la vyombo lililokuwa limesogezwa hadi ubavuni mwa dirisha. Ubavu wa kabati hilo, wa mbao nyeusi, ulikuwa unakinga ukuta ambao mwanga wa dirisha ungeuosha kwa urefu wake wote. Tulilihamisha hatua tatu tu, na jioni ile mtu mmoja wa nyumbani akaniuliza kama nimepaka rangi.

Kwa hiyo, Mama, pakeni kwanza dari na ule ukuta unaokabiliana na madirisha kwa rangi nyeupe au ya maziwa, isiyong'aa. Kama mnaipenda damu ya mzee, na ni rangi nzuri, iacheni kwenye ukuta wenye madirisha yenyewe au kwenye mito ya viti, ingawa kando ya fremu ningeomba muweke weupe kidogo ili jicho lishuke taratibu kutoka kwenye kioo hadi ukutani. Baada ya hapo, kama bado mnaona upungufu na mnayo nia ya kuvunja, vunjeni ukuta mwingine. Mwanga unaoingia kutoka pande mbili hulainisha vivuli vya uso, kiasi kwamba watu wanaozungumza huonana vizuri, wakati ule wa upande mmoja huacha nusu ya uso gizani.

Swali: Nafanyia kazi katika chumba kinachotazama magharibi. Kuanzia saa tisa alasiri hakikaliki: joto, na kioo cha kompyuta hakionekani. Nimetundika pazia zito, sasa nakaa gizani na joto liko palepale. Nimeshauriwa kubandika karatasi nyeusi ya tinti kwenye vioo vyote. – *Mfanyakazi wa Nyumbani kwake*

Jibu: Ndugu yangu, tinti ningeiweka mwisho kabisa. Itakupunguzia mwanga wa alasiri unaoulalamikia, lakini itakunyang'anya pia mwanga wa asubuhi na wa mchana ambao hauna kosa lolote, na kwa siku zote za mwaka, zikiwamo za mawingu. Chumba chenye vioo vyeusi huwa na huzuni ya jioni tangu asubuhi, na wakaaji wake huwasha taa mchana kutwa.

Tatizo la magharibi ni kwamba jua linakujia likiwa chini. Likiwa juu kwa nyuzi 60, dirisha lenye ncha ya mita 2.1 hutandaza doa la jua sakafuni lisilozidi mita 1.2 kutoka ukutani. Likishuka hadi nyuzi 20 na kulikabili dirisha, doa hilo hilo hunyooka hadi karibu mita 5.8, yaani linavuka chumba na kupanda ukuta wa nyuma. Upenu wa paa, ambao hufanya kazi nzuri sana dhidi ya jua la utosini, hauna msaada kwa miale inayopita chini yake. Kinachozuia jua la namna hii ni kitu kilichosimama wima: mbao zilizopangwa kama kurasa za kitabu nje ya dirisha, shata zinazofunguka kwa ubavu, mti, au mmea unaotambaa kwenye wavu.

Nimesema nje, na neno hilo ndilo jibu la joto lako. Katika anga safi, jua lililo juu hushusha takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba inayolikabili, na hata likipungua nguvu kuelekea machweo bado linagonga kioo chako karibu uso kwa uso. Pazia zito la ndani huikamata miale hiyo ikiwa tayari imevuka kioo. Pazia linapata moto, na moto huo hauna pa kwenda ila kwenye hewa unayoivuta. Kizuizi cha nje hupata moto pia, lakini upepo huuchukua huko huko. Kama huna uwezo wa kujenga chochote, hata mkeka wa kukunja unaotundikwa nje ya fremu, ukateremshwa saa nane na kupandishwa baada ya machweo, utakufaa kuliko mapazia mawili ya ndani.

Meza nayo igeuze. Inaelekea umeketi ukilitazama dirisha au umelipa kisogo. Ukilitazama, macho yanapambana na anga nyuma ya kompyuta. Ukilipa kisogo, dirisha linajiona lenyewe ndani ya kioo cha kompyuta. Meza ikae ubavu kwa dirisha, mwanga ukuingilie kwa upande.

Swali: Nilichagua dukani rangi ya kijivu hafifu, tulivu kabisa. Ukutani imekuwa ya samawati asubuhi, na jioni inakaribia zambarau. Fundi rangi anaapa kwamba ni kopo lilelile. Nimdai? – *Aliyeudhika*

Jibu: Usimdai, Ndugu, fundi anasema kweli. Rangi ya kijivu haina nguvu ya kushikilia tabia yake, kwa hiyo huazima ya mwanga unaoiangukia, na mwanga wa mchana haukai na rangi moja hata kwa saa tatu. Jua likiwa karibu na upeo, miale yake hupita katika unene mkubwa wa hewa, na njiani sehemu yake ya buluu hutawanywa kila upande. Kinachotufikia ni manjano na wekundu. Buluu hiyo iliyotawanywa ndiyo inayoipaka anga rangi, kama alivyoeleza mwanasayansi Mwingereza Lord Rayleigh mwaka 1871. Kwa hiyo dirisha lisiloingiza jua lenyewe, bali anga tu, huleta mwanga wenye ubuluu, na ukuta wako wa kijivu umeupokea bila kuubishia.

Wanaoupima mwanga kwa kipimo cha Kelvini huipa balbu ya manjano ya nyumbani 2,700, jua la adhuhuri kama 5,500, na kivuli kinachoangazwa na anga ya buluu peke yake zaidi ya 7,000. Chumba kimoja kinaweza kuipitia ngazi hiyo yote kati ya alfajiri na usiku. Wachoraji waliijua shida hii zamani, na ndiyo sababu wengi waliofanya kazi kaskazini mwa Ikweta walipenda madirisha ya upande wa kaskazini, ambako jua huingia kwa nadra na rangi hazigeuki sana tangu asubuhi hadi jioni. Kusini mwa Ikweta, dirisha la namna hiyo ni la upande wa kusini. Aliye karibu na Ikweta yenyewe hana upande wa kudumu, kwa kuwa jua la adhuhuri hupita kaskazini kwa miezi kadhaa na kusini kwa miezi mingine, na anayetaka mwanga usiogeuka hana budi kutegemea upenu mpana.

Zambarau ya jioni ina mchango wa jicho pia. Mwanga ukififia, jicho hupoteza hisia ya wekundu kabla ya kupoteza ile ya buluu, jambo ambalo mwanasayansi wa Kicheki Jan Evangelista Purkyně alilieleza katika karne ya 19. Tazama mto mwekundu na mto wa buluu juu ya kochi moja wakati wa magharibi, taa zikiwa bado hazijawashwa: ule mwekundu, uliokuwa ukiwaka mchana, huzama na kuwa karibu mweusi, na ule wa buluu hubaki ukionekana, hata kama uling'aa kidogo mchana kutwa.

Usipake upya nyumba nzima. Nunua kopo dogo la kijivu chenye manjano kidogo ndani yake, paka ubao wa ukubwa wa meta moja kwa nusu mita mara mbili hadi rangi ikolee, kisha uhamishe ubao huo ukutani kwa siku mbili: asubuhi karibu na dirisha, mchana pembeni, usiku chini ya taa utakayoitumia kwa kweli. Kipande kidogo cha mfano cha dukani hudanganya kwa sababu jicho hukihukumu kwa kukilinganisha na weupe wa karatasi iliyokizunguka. Chungulia pia kilichopo nje ya dirisha. Bustani ya majani mabichi iliyopigwa na jua hutuma ukijani hadi darini, na ukuta wa matofali mekundu wa jirani hutuma wekundu. Hilo hata rangi ghali haiwezi kulizuia.

Swali: Shikamoo. Baba yangu ana miaka 76 na anaishi nasi. Anapenda sana kusoma, lakini kila mara analalamika kwamba chumba chake kina giza, na sisi tunaona kiko sawa. Tukimsogezea kiti dirishani, analalamika kwamba jua linamuumiza macho. Hatutaki kumkosea heshima, ila tumeshindwa kumwelewa. – *Binti Yake*

Jibu: Marahaba, mwanangu. Baba amesema kweli mara zote mbili, na nimefurahi kwamba umeuliza badala ya kuyachukua maneno yake kama manung'uniko ya uzee.

Mboni ya mtu mzima haifunguki kwa upana iliyofunguka ujanani, na lenzi ya jicho huzidi unene na kugeuka manjano kadiri miaka inavyopita. Matokeo yake ni kwamba retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ya mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja ya mwanga iliyoupokea alipokuwa na miaka 20. Mnapoketi chumba kimoja, wewe na Baba, hamuoni chumba kimoja. Hapo hapo, lenzi iliyozeeka hutawanya mwanga ndani ya jicho badala ya kuupitisha ukiwa umetulia, hivyo jua linalompiga usoni hugeuka ukungu mweupe unaofunika maandishi. Anahitaji mwanga zaidi kuliko ninyi, na wakati huo huo anaumizwa na mng'ao ambao ninyi hamuuoni. Mpelekeni pia kwa daktari wa macho akapimwe mtoto wa jicho, kwa sababu dalili hizi mbili hufuatana nao na ugonjwa huo unatibika.

Kiti chake kiwekeni karibu na dirisha, hatua moja au moja na nusu, lakini kikilipa dirisha bega. Mwanga umfikie kwa nyuma kidogo na kwa ubavu, upite juu ya bega na kutua kwenye ukurasa, wakati macho yake yanapoinuka yakutane na ukuta mweupe uliotulia. Kama huwa anaandika kwa mkono wa kulia, bega hilo liwe la kushoto, ili kivuli cha mkono kisilale juu ya maneno. Saa ambazo jua lenyewe linaingia, teremsheni pazia jepesi jeupe. Litalivunja doa kali na kulifanya liwe mwanga uliotandaa, ambao ndio unaomfaa. Keti mwenyewe kwenye kiti hicho kabla yake, inama hadi kimo cha macho yake, ukashike kitabu. Utaona mara moja kama kuna kitu kinachong'aa vibaya: kioo cha picha, meza iliyopakwa vanishi, au sakafu ya vigae.

Jambo linalonitia hofu zaidi kwa wazee ni ushoroba. Mtu anatoka barazani kwenye jua la luksi elfu makumi, anaingia ushoroba usio na dirisha, na jicho lake linahitaji nusu saa au zaidi ili lizoee giza kikamilifu. Kwa mzee huchukua muda mrefu zaidi. Hatua zake kumi za kwanza ndani ya nyumba anazipiga akiwa haoni vizuri, na mara nyingi kizingiti au ngazi iko hapo hapo. Pakeni ushoroba rangi nyeupe, acheni wazi mlango wa chumba chenye dirisha ili mwanga wake umwagike, wekeni mstari wa rangi inayotofautiana kwenye ukingo wa kila ngazi, na wekeni kiti penye kivuli mlangoni, ili apumzike kidogo macho yakijirekebisha kabla hajaendelea.

Mwulize pia usingizi wake ukoje. Mwaka 2002, mwanasayansi David Berson na wenzake walionyesha kwamba ndani ya retina kuna chembe ambazo huhisi mwanga zenyewe, kwa kutumia protini iitwayo melanopsini, nazo huhisi zaidi mwanga wa buluu wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 480. Kazi yao kubwa ni kuuarifu ubongo kwamba ni mchana. Mzee anayekaa siku nzima katika chumba chenye mwanga hafifu hupeleka habari dhaifu sana kwenye ubongo, na mwili wake ukashindwa kutenganisha mchana na usiku. Husinzia kitini saa tano asubuhi, kisha akakesha saa nane za usiku. Dirisha la mashariki, au kiti cha kivulini nje ya nyumba kwa saa moja kila asubuhi, ndilo jambo la kwanza ambalo ningelijaribu kwa ajili yake.

Swali: Kila asubuhi naketi na mtoto wangu mchanga nyuma ya dirisha la kioo lenye jua ili apate vitamini D. Je, inatosha? – *Mama Mpya*

Jibu: Hapana, Mama. Ngozi hutengeneza vitamini D kwa miale ya urujuanimno aina ya B, na kioo cha kawaida cha dirisha huizuia karibu yote. Miale ya aina ya A hupita kwa wingi, na hiyo ndiyo inayochakaza mapazia na kupausha mbao za viti vilivyo karibu na dirisha. Ketini hapo kwa sababu panapendeza, lakini suala la vitamini D liulize kwa muuguzi au daktari anayemhudumia mtoto, kwa kuwa ngozi ya mtoto mchanga haivumilii jua na njia inayomfaa huchaguliwa na mtaalamu.

Swali: Mimi ni mpangaji wa chumba kimoja. Dirisha langu linatazama ukuta wa nyumba ya jirani, umbali wa mita moja na nusu, nao umepauka na kuwa mweusi kwa ukungu. Siruhusiwi kuvunja chochote. Nimeambiwa nitundike kioo kikubwa cha kujitazamia mkabala na dirisha. Kitasaidia? – *Mpangaji*

Jibu: Kioo hurudisha kile kinachokiona, Ndugu yangu, na hicho utakachokitundika kitaona ukuta mweusi wa jirani. Utakuwa na kuta mbili nyeusi mahali pa mmoja.

Anza kwa kutafuta anga. Keti sakafuni chini ya dirisha, utazame juu kupitia kioo. Bila shaka utaona ukanda mwembamba wa anga kati ya paa mbili. Sasa rudi nyuma taratibu ukiwa umeketi hivyo hivyo, hadi ukanda huo upotee machoni, na uweke alama ya chaki sakafuni. Kila kilicho kati ya alama na dirisha kinapata mwanga wa anga moja kwa moja. Kilicho nyuma yake kinaishi kwa masazo ya kuta. Meza yako ya kazi lazima iwe upande wa dirisha wa mstari huo, hata kama ni kwa kubanana. Kitanda na kabati viende nyuma. Vyumba vingi vya kupanga nilivyovitembelea vimepangwa kinyume: kitanda kimechukua dirisha, na mtu anasomea gizani.

Ukanda ule wa anga, ingawa ni mwembamba, usiudharau. Siku ya mawingu mazito, anga ya utosini hung'aa takriban mara tatu ya ile ya karibu na upeo, kwa hiyo kipande ulichobakiziwa ndicho chenye mali. Osha kioo na wavu wa mbu, ambao vumbi lake humeza mwanga mwingi kuliko watu wanavyodhani, na ondoa kitambaa chochote kinachofunika nusu ya juu ya dirisha. Na ile fedha ya kioo kikubwa, nunua kidogo tu, bapa, ukilaze chali kwenye kingo ya chini ya dirisha. Hapo kitaitazama anga ya utosini na kuirusha darini, na dari nyeupe itaugawa mwanga huo chumbani. Ubao mweupe uliolazwa hapo hufanya kazi ileile kwa upole zaidi, na haumtii mtu kiwi.

Kilichobaki ni ukuta wa jirani, na kwa kweli huo ndio anga yako halisi, kwa kuwa ndio unaojaza sehemu kubwa ya dirisha. Ukipakwa chokaa nyeupe, utarudisha mwanga mara kadhaa ya unaourudisha sasa, na atakayenufaika ni wewe pamoja na jirani, ambaye naye ukuta wake utaacha kuota ukungu mbele ya macho ya watu. Wenye nyumba hukataa ombi la maneno matupu, kwa hiyo mwonyeshe. Mwombe jirani ruhusa, na asubuhi moja tundika shuka jeupe kwenye ukuta huo, mkabala na dirisha lako. Kisha mwalike mwenye nyumba aketi mezani pako, mpe gazeti asome mistari michache, na ukiwa nje literemshe shuka lile akiwa bado anasoma.